Kilichokesha

Muuza mitumba wa Teruel aligeuza koti ndani nje,
akanusa kola, akahesabu vifungo
(kimoja hakikuwa cha ukoo ule),
akalirudisha mezani kwa vidole viwili.
“Trasnochado,” alisema.
Nerea akalikunja. Alitaka euro kumi tu.

Huko neno hili hurushiwa vitu vingi:
hoja ya mbunge iliyochakaa,
utani wa mjomba harusini,
masharubu ya namna fulani,
mapazia ya vishada.
Hulisema puani, kama mtu aliyefunua sufuria
akakuta kiporo kimechacha.

Lakini lifumue mshono.
Ndani yake mna usiku.
Mna mtu aliyeuvuka usiku mzima, jicho kavu,
akatokea ng'ambo ya pili na nguo za jana.
Maana ya kwanza ni hiyo tu: kilichokesha.

Na koti lilikesha.
Miaka kumi na tisa begani mwa Visitación Lahoz,
kwenye mtambo wa simu, ghorofa ya pili,
jiko la makaa likizimika saa tisa,
theluji ikipanda dirishani,
naye akichomeka waya, akichomoa waya:
Zaragoza, subiri. Valencia, sema.
Mkunga huyu hapa.
Padri hapokei, jaribu kwa dada yake.
Habari za misiba alizisikia kabla ya wafiwa,
akazinyamazia.
Asubuhi alishuka ngazi, macho mekundu,
akapishana na wasichana waendao kazini
wamevaa mtindo mpya, wananukia sabuni.
Wakamcheka.

Waliolala ndio huamua lipi ni la leo.

Nyumbani Nerea alimweleza bibi yake,
akilitafuna neno kwanza ili lisimuume.
Visitación, miaka tisini na mmoja, alicheka hadi akakohoa.
“Kasema kweli. Na malipo ya usiku hakuongeza?”
Kisha akaomba koti. Akalivaa juu ya gauni la kulalia,
akapapasa mfuko wa kushoto,
akatoa tiketi ya basi, na ganda la chungwa
gumu kama ukucha.
Akalinusa.
“Bado,” alisema,
ingawa Nerea, alipopewa naye anuse,
hakusikia kitu.