Kanda la Usufi

Wakili Thoya alianguka kwenye shimo la sita.
Hakusukumwa na mtu, hakuteleza.
Alijipinda kiuno kama anayekamua shuka,
fimbo ikapita juu, mpira ukabaki palepale
ukimtazama,
naye akapiga magoti kwenye nyasi
kama aliyekumbuka deni la sala.

Mimi nilicheka. Mungu anisamehe.
Kisha nikautua mfuko wake,
fimbo kumi na nne, mwavuli, chupa tatu za maji,
viatu vya akiba asivyowahi kuvaa,
nikamshika makwapani.
Tumbili wakaja kuona nani kaacha ndizi.

Daktari Nuswaiba yuko ghorofani, juu ya duka la vipuri,
ngazi kumi na saba. Nilizihesabu,
maana nilipanda wakili bega hili, mfuko bega lile:
hakutaka fimbo zibaki garini.
Nilijisemea, mtu huyu anathamini chuma kuliko mgongo.
Mgongo wangu sikuufikiria.

Nilitarajia mkandaji, mafuta ya nazi na karafuu,
kama yule mama wa Shela avutaye mguu huku akikutukana.
Huyu hakumgusa. Alimuuliza.
Kuna ganzi? Haja ndogo inashikika?
Maumivu yanashuka mguuni, au yamekaa yalipo?
Akampiga goti kwa kinyundo cha mpira.
"Ungeniambia miguu imekufa ganzi," alisema,
"leo nisingekunyoosha. Ungekwenda hospitali, ukapigwe picha."

Ndipo akamlaza ubavu, akamkunja goti,
akaegemea,
na pingili ikalia *ko!*
kama kizibo cha soda.
Wakili akamwita mamake, akanyamaza,
kisha akacheka kama mtoto aliyetolewa mwiba.

"Kiuno chako hakina kosa. Kosa ni la nyonga.
Zimelala kitini siku sita, ya saba waziambia zizunguke.
Zikigoma, kiuno hulipa deni lisilo lake."
Akamfundisha: kabla ya mpira wa kwanza, tembea.
Zungusha mabega mikono mitupu.
Piga nusu kabla hujapiga nzima,
na pigia hewani kwa mkono wa kushoto pia,
"upande mmoja usijione mtumwa."

Hapo akageuka, akaniona mlangoni.
"Na wewe, bega hilo ulizaliwa nalo hivyo?"

Bega lipi? Akanisimamisha mbele ya kioo.
La kulia juu, la kushoto chini,
mizani ya muuza dagaa.
Miaka kumi na tisa, kamba ileile, upande uleule.
Na mimi siku zote nikisema
mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi,
nikidhani maana yake ni kwamba
kisicho changu hakinilemei.

"Sina pesa," nikasema.
Wakili alikuwa kifudifudi, uso kwenye tundu la kitanda,
sauti yake ikatokea sakafuni:
"Mtie kwenye hesabu yangu."
Hakuuona uso wangu, wala mimi wake.
Pengine ndiyo maana ilisemeka.

Sikupona siku ile, nisiseme uongo.
Nilizipanda ngazi zile mara sita.
Ya tatu niliumia zaidi, nikamlaani daktari kimoyomoyo.
Baada ya ya tano nililala usiku kucha
hadi Nyevu, mke wangu, akanitikisa
akidhani ni mjane.

Sasa Jumamosi, umande haujakauka,
wenzetu hutukuta chini ya mivinje
tukizungusha mabega kama vifaranga wanaojaribu kuruka.
Wanacheka. Na wacheke, zamu yao inakuja.
Mfuko una kamba mbili. Viatu vya akiba vimebaki nyumbani.

Na tukifika shimo la sita, ni yeye abebaye
mpaka la saba. Ndiyo sharti la daktari,
au ndivyo nilivyomwambia.
Anatweta, anasimama, anafuta jasho.
"Ngowa, mmetia nini humu?"

Usufi, bwana, namjibu.
Usufi mtupu.