Dhamana

Miaka sita nimekaa dirisha la pili
la chama cha akiba na mikopo, jirani na soko la Mbuyuni,
nikiwaambia watu hapana kwa sauti ya upole.
Naijua kazi hiyo. Unaanza kwa kusifia ndoto,
unauliza watoto hawajambo,
kisha unageuza karatasi ili mwenzio ajisomee mwenyewe
pale tarakimu zinapogoma.

Leo ni saa nne usiku, Pasua, umeme umebaki yuniti tatu,
na mwombaji ni mimi.

Vyuo kumi na kimoja, kwenye daftari la kaunta.
Uzamili, usimamizi wa biashara.
Mwezi wa tatu nilivipanga kwa umaarufu,
kama mtoto apangavyo pipi kabla hajaambiwa bei.
Cha kwanza kiko ng'ambo, kando ya mto ulioganda,
wanafunzi wanacheka pichani, skafu shingoni.
Ada yake ya mwaka mmoja
ni nyumba ya mama kule Kibosho, na migomba, na ng'ombe wawili,
na bado tungedaiwa.

Shemeji Elinami kasema: Weka tu, Mungu ni mkubwa.
Mungu ni mkubwa, shemeji.
Alama zangu ndizo ndogo.

Basi nikachukua fomu yetu ile ya njano, nikajaza.
Jina la mwombaji: Aikande Lyatuu.
Umri: thelathini na tatu.
Mtihani wa kuingilia: nimeufanya mara mbili,
mara ya pili nikashuka.
Wadhamini: bosi wangu, aliyeniuliza
nani atabaki hapa kuwakatalia watu;
na mwalimu wa takwimu, mstaafu, yuko Same,
ananikumbuka kwa jina la dada yangu.
Dhamana:

Hapo nikaacha wazi. Nikaenda kubandika chai.

Kaka yangu Ndelilio hubeba mizigo ya wageni.
Getini Machame kuna mizani, husema,
na kilo ishirini ni kilo ishirini
hata uwe na kifua cha fahali.
Wageni wa kazi hubishana nayo, wakaona wanaonewa.
Yeye huwaza mgongo atakaouhitaji wiki ijayo.

Nikakata cha mto wa barafu. Nikakata na vinne vingine,
kwa rula, bila hasira.
Halafu nikakata kile cha mwisho kabisa,
kile kisichowahi kumkataa mtu,
kinachotuma ujumbe kila Jumatatu: Karibu, nafasi bado zipo.
Mkopeshaji asiyeuliza kitu tunamjua hapa mjini.
Kadi za benki za walimu zimejaa kwenye droo yake.

Vikabaki vitano.
Nairobi, masomo ya Ijumaa na Jumamosi, basi la alfajiri.
Dar, jioni. Morogoro. Kigali, wakinipa nusu ya ada.
Mama angesema usiache mbachao kwa msala upitao.
Mama, mbachao nimeukalia miaka sita, umetoboka.

Cha tano hesabu hazikitaki.
Nimeinua rula, nikamkumbuka mzee Kaanaeli wa mizinga.
Kamati ilimkataa mara mbili: hana hati, hana mdhamini.
Alikuja na daftari, miaka tisa ya mvua na maua,
kila siku nyuki walipotoka na kila siku waliposusa.
Nilisaini peke yangu, tumbo likiniuma.
Alimaliza deni siku ya Alhamisi,
kwa noti zilizonatana hata mashine ikazitema.

Dhamana: miaka sita ya kuwasikiliza watu
wakieleza namna watakavyolipa,
na kujua, mara nyingi, nani anasema kweli.

Sijui kama wataipokea.
Mita imeanza kulia.
Cha tano nimekiacha hivyo hivyo, hakina mstari, hakina tiki.

Kesho saa mbili tunafungua.
Wa kwanza kwenye foleni ni kinyozi wa Majengo, anataka milioni kumi.
Nitamuuliza watoto hawajambo.
Halafu nitamwomba anionyeshe daftari.