Gari langu na la Anyosisye

Lake hujaa kabla chai haijapoa, pale Uyole.
Langu hulala na waya usiku kucha,
na umeme ukikatika naamka nalo nusu.
Amenicheka mwaka mzima.

Lakini mlima hauulizi nani alishiba kwanza.
Baridi ya Isongole ilizinywa namba zake:
arobaini, ishirini, tisa.
Akaegesha ukunguni, taa zikikonyeza.

Nikampita? Nikampita.
Na honi nilipiga.
Kisha nikarudi.

Tukateremkia Kiwira ndani ya langu,
debe lake la viazi mapajani,
mteremko ukinirudishia chaji kidogokidogo
kama mdeni mwenye haya.
Yeye anakodolea kioo, anahesabu kwa kunong'ona:
thelathini na moja.
Thelathini na mbili.

Tukifika kwa mama
atasema alikuwa ananisubiri.