Namba ya Kinga

Kijana wa dukani, Tuukka kwa mujibu wa beji yake,
ameyatandaza magodoro ya kambi sakafuni:
la njano, la kijivu, la buluu linalong'aa.
"Lala," ananiambia. "Jaribu."
Nami, mwanamke wa miaka hamsini na sita,
na buti zangu za theluji, na mkoba kifuani,
nikalala chali katikati ya duka, mjini Kuhmo,
nikihesabu taa za dari
huku mtoto wa mtu akiniruka kuzifuata ndoano.

Lilikuwa na kelele. Kila nikijigeuza
linachakarika kama pakiti ya krispi kanisani.

"Hili ni nne nukta nane," akasema.
Nne nukta nane ya nini?
Akapiga magoti, akabandika kiganja kwenye saruji.
"Watu huogopa upepo. Hununua mfuko wa kulalia
wa manyoya ya bata, bei ya pikipiki kuukuu,
kisha huyalalia manyoya yale mpaka yawe karatasi.
Baridi haikushukii, mama.
Wala haipandi, ukitaka ukweli:
ni joto lako linaloteremka. Ardhi ina njaa.
Namba hii ni unene wa mlango."

Sikumwambia kwamba hayo nayajua.
Baba alivua kwenye tundu la barafu majira arobaini
akikalia kipande cha sponji
alichokikata kwa kisu cha samaki, upande umekwenda mrama.
Hakusoma lebo. Alipima kwa makalio.
"Matako yakicheka," alisema, "meno hayalii."
Mama alimkanyaga mguu chini ya meza.

La sita nukta tisa lilikuwa yuro mia mbili na sitini.
Nililishika. Nikaukumbuka mlango wa sauna, bawaba zake.
Nikalirudisha.

Jioni Helvi akapiga simu.
Tangu mazishi tulikuwa tukiongea nyaraka tu,
nyumba, saini, nani alipe mwanasheria.
"Umenunua?"
"Nimenunua."
"Namba ngapi?"
Nikamtajia. Akanyamaza.
"Haitoshi," akasema dada yangu. "Lakini njoo."

Nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri.
Ziwa linapasuka mbali, linanguruma, linatulia.
Godoro nililijaza kwa kile kifuko chake, si kwa mdomo,
kwa sababu pumzi ina maji, alionya Tuukka,
na maji yataganda humo ndani kama siri.
Helvi alilalia ngozi mbili za kulungu wa kaskazini,
akakoroma mara moja, akajifanya hakukoroma.

Saa nane usiku, nyonga ya kushoto.
Kwanza kama kidole. Kisha kiganja.
Kisha ardhi yote, mdomo wazi.
Nilikaza meno, nisiseme.

Zipu ikalia gizani. Kitu kikanigonga ubavuni,
chepesi, kina harufu ya samaki,
upande mmoja umekwenda mrama.

"Nilidhani ulikitupa."
"Nilidhani utakidai."
"Kifupi."
"Kiweke chini ya nyonga. Chini ya godoro, si juu.
Namba zinajumlishwa, hukuambiwa?"

Haba na haba, basi, hata namba.
Nne nukta nane, na moja ya baba, labda moja na robo;
nani alikipima? Nilijikunja, nikangoja.
Hakukuwa na joto lililokuja.
Lililokuwepo tu liliacha kuondoka.

Asubuhi tuling'oa hema bila maneno mengi,
Helvi akilaani vigingi vilivyoshikwa na barafu.
Nilisimama nikiangalia mahali nilipolala.
Penye mabega, theluji ilikuwa imeyeyuka ikaganda tena,
kioo chembamba, chenye mkunjo wangu.
Penye nyonga, mraba mmoja, upande umepinda:
theluji kavu, laini, kama unga
ambao hakuna aliyewahi kuulalia.