Mpindo wa Saba

Hakuna aliyeuchora.
Hilo nataka lijulikane mapema,
kabla sijashika koleo.

Tuulikki alianza na vurugu:
nyaya mia mbili ndani ya kompyuta,
kila mmoja mstari wa tarakimu tu,
pinda hapa digrii kumi na tisa,
nyooka milimita nne, pinda tena,
tarakimu zilizorushwa kama dadu,
bila akili, bila haya.
Kisha akawauliza swali moja:
nani kati yenu atasikika kutoka barafuni?

Maana kazi ilikuwa hiyo, antena
ya kituo kidogo cha kupimia hali ya hewa
juu ya ghuba iliyoganda, kaskazini ya Oulu,
ambako Januari jua huchungulia
kama mdaiwa, likaondoka.

Wengi hawakusikika.
Wakafutwa bila matanga, bila arubaini.
Waliosikika kidogo wakaozwa:
nusu ya huyu, nusu ya yule,
mkato popote, kiungo popote,
na mara moja katika mia
tarakimu ikateleza yenyewe,
kama ulimi wa mtoto ukosapo neno
na kosa likawa tamu kuliko neno.

Usiku kucha mashine ilivuma.
Babu alizaliwa saa mbili kamili,
wajukuu wakamzika saa mbili na dakika tatu.
Mimi nilikunywa kahawa.

Kizazi cha tisini kilitudanganya.
Alama zilipaa, tukapiga makofi,
na asubuhi Tuulikki akaona: mmoja wao
alikuwa amejipenyeza ukingoni mwa dunia yetu ya hesabu,
penye tundu tuliloliacha kwa uvivu,
na humo akapaza sauti bila kulipia nguvu.
Hakukasirika. "Amefanya nilichoandika,
si nilichotaka," akasema, akaziba tundu.
Nilicheka mpaka miwani ikadondoka.
Nimelea wavulana watatu.

Kizazi cha mia nne na kumi na mbili
akaniletea karatasi: vipande kumi na vitatu,
mipindo kumi na miwili. "Osmo, kazi kwako."

Baba yangu alikuwa mhunzi wa meli.
Asiyesana huvukuta, nami nimevukuta
miaka thelathini na minane katika maabara hii.
Nimetengeneza antena zilizonyooka kama sala,
upande wa kushoto shahidi wa kulia.
Huu ulikuwa ukucha wa kunguru,
saini ya mlevi,
kibanio cha nywele kilichokanyagwa na ng'ombe.
Jicho liliniuma. Nikaurekebisha mpindo mmoja,
wa saba. Digrii sita tu. Nilidhani nasaidia.

Tukaupeleka chumba kisicho na mwangwi,
chenye kuta za sponji zilizoota meno.
Ukawa bubu.
Nikaurudisha mpindo wangu, kimyakimya,
Tuulikki akijifanya anafunga kamba ya kiatu.
Ukanena.

Mgeni kutoka Turku aliuliza
mpindo wa saba una kazi gani.
Tulitazamana.
Ukiutoa, waya hufa. Hilo ndilo tujualo.

Jioni Tuulikki akafungua daftari la nasaba.
Mpindo ule uliingia kizazi cha thelathini na tatu
kwa waya hafifu, wa mia na tisini na saba
kati ya mia mbili,
wa kufutwa kabisa,
ila dadu ilimwangukia vizuri usiku ule
akapata kuzaa mara moja.
Nilirudi nyumbani kwa miguu nikimfikiria huyo.
Hana hata jina la faili.

Machi tulitoboa barafu, tukasimika mlingoti.
Nilivua glavu kukaza nati ya mwisho
na nati ikachukua ngozi yake.
Redio ikakoroma, kisha ikasema:
hasi ishirini na sita, upepo wa kaskazini mashariki.
Tuulikki akaandika.
Theluji ilikuwa ikikusanyika kwenye mpindo wa saba,
kidogo, upande mmoja,
nami nikaweka mikono mfukoni.