Daftari la Chewa

Kwenye jalada, jedwali la kuzidisha.
Ndani, penseli tupu,
maana wino na maji havipatani.

Jumanne, saa kumi alfajiri. Maji mafu.
Mbingu safi kama sahani ya mgeni.
Chewa: hakuna.
Tasi wawili wachanga, nimewarudisha kwa mama yao.

Alhamisi. Mawingu upande wa Likoni, meusi ya masizi.
Hewa imeninata shingoni
kama mkono wa mtu anayetaka kukopa.
Chewa: watatu. Mmoja kilo nne kasorobo
kwa mizani ya Kibwana Shombo, ambayo husema uongo,
lakini uongo uleule kila siku.

Mimi ni fundi wa friji. Presha naisoma kwenye geji.
Samaki hana geji, wala redio,
ana kibofu cha hewa tumboni,
na mbingu ikilegeza mkono wake juu ya maji
kibofu hicho hupata habari
kabla ya kunguru, kabla ya mabati ya Kisauni.
Hapo chewa, yule mwenye nyumba asiyetoka,
anayengoja riziki ipite mlangoni aifyonze,
hutoka pangoni chini ya nguzo za daraja la Nyali
akala kama mtu aliyesikia kesho maduka yatafungwa.

Dhoruba ikishapita, basi.
Mifereji ya mji mzima hutapika siri zake:
kandambili za mguu mmoja, chupa,
godoro lililokuwa la mtu.
Maji huwa chai ya maziwa.
Siku tatu naandika sifuri.
Siku ya nne, changu mmoja, mwembamba,
kama aliyetoka hospitali.

Ndivyo daftari linavyosema.
Ukurasa wa thelathini na moja sikuuandika siku ile.

Ijumaa, mwezi wa tano.
Niko mawეni, malori yananguruma juu ya kichwa changu,
wingu limekwisha kumeza Likoni.
Nina dakika arubaini, labda hamsini.
Ngisi nimemkata vipande vyembamba kama kamba za viatu.
Wa kwanza akaja kabla chubwi haijagusa chini.
Wa pili alikata mshipi. Wa tatu alitaka kunikata kidole.
Simu ikatetemeka mfukoni, ndani ya pakiti ya maziwa.
Nikadhani ni samaki.
Kisha nikajua si samaki.
Nikaiacha.

Mara saba.
Kila mara mshipi ulikuwa umekaza.

Mamangu hajui kuandika ujumbe.
Anajua kubonyeza picha yangu.

Nilifika Mwandoni na chewa watano ndani ya gunia la mchele.
Mabati mawili yamekwenda, moja liko juu ya mpera wa jirani.
Maji yameshika matendegu ya kitanda,
naye amesimama juu ya mbuzi, ile ya kukunia nazi,
kashika kasha lake kichwani kwa mikono miwili,
leso zote mle, na cheti cha kifo cha baba.
Akalitazama gunia.
"Walikuwa wanakula?"
"Walikuwa wanakula, mama."
Akanyoosha kidevu kuelekea sufuria.
Nikachota maji mpaka isha.

Usiku tulikula chewa wa kupaka kwa Bi Mwanasiti,
jiko la watu, ndimu za watu,
nazi tumeikuna kwa mbuzi ileile.
Mama alinichagulia shavu la samaki
akaliweka upande wangu wa sinia.
Sikuweza kulimeza haraka.

Ukurasa nimeujaza baadaye:
Hewa nzito mno. Chewa: watano. Simu: saba.

Siku hizi shingo ikininata
nafunga chambo, halafu nampigia.
"Bati vipi?"
"Lipo. Na wewe, wanakula?"
Nasema bado.
Husikia nilivyokata pumzi, mshipi ukienda,
akakata yeye kwanza
mkono wangu upate nafasi.