Mfuko wa Kushoto

Suruali hii, Shebwana, umeinunua kwa mke wangu,
usinifiche. Naijua harufu ya robota lake:
dawa ya nondo, na kabati la mtu asiyekujua.
Wataka nikate inchi tatu. Nitakata.
Ila kaa hapo kigodani kwanza, redio inasema.

Inasema kule Marekani wakubwa wamegombana.
Mmoja ataka mlango ufungwe: watu wetu wamekaa bure,
viwanda vimeota nyasi,
mji mzima umebakiwa na kanisa na baa.
Mwenziwe amjibu: ukifunga, utakayemfungia nje ni nani
kama si mama anayemtafutia mwanawe shati la bei ya chini?
Mtangazaji atafsiri mbio mbio, maneno yamponyoka,
ushuru, ushuru, tena ushuru,
kama kunguru juu ya bati la soko la samaki.

Mimi nacheka. Ugomvi huo hulala kitandani mwangu.
Mwaka juzi tulitia saini, mafundi wa Malindi
kutoka Barani hadi Maweni,
tukiiomba serikali ipige mitumba marufuku.
Saini niliitia mchana.
Usiku nikala wali ulionunuliwa kwa mitumba.
Thuweba akanipakulia, akanena moja tu:
"Ongeza mchuzi, mlinzi wa taifa."

Nipe hiyo chaki.

Bibi yangu alisimulia habari za merikani,
kitambaa kilichopewa jina la waliokileta,
kikashushwa forodhani majora kwa majora,
kizito, rahisi, kinanuka wanga.
Mtaani kwao alikuwako mfumi.
Shimo alilokuwa akitia miguu chini ya kitanda cha kufumia
bibi alilikuta bado sakafuni, watoto wachezea gololi humo.
Hakuna aliyemdhulumu, alisema bibi.
Watu walinunua cha rahisi, basi,
na kila mtu alikuwa na sababu yake.
Siku hizo mlango ulikuwa wetu
na wao ndio waliokuwa wakipiga hodi.

Sasa Mbeyu. Wamkumbuka Mbeyu?
Nilimfundisha kutunga uzi papa hapa barazani.
Yuko kiwandani Mombasa. Hashoni suruali,
ashona mfuko wa kushoto.
Mifuko mia sita kwa siku, yote ya kushoto,
na wa kulia una mwenyewe, meza ya pili.
Jumatatu aliniandikia: *Mwalimu, zamu zimekatwa nusu.
Twasubiri kura yao.*
Kura yao! Mtoto wa Ganda
asubiri mkono unyooke katika mji
ambao hajui kama una mvua leo au jua.

Nikamwandikia pole. Nikafuta. Nikaandika tena.
Ningemwambia nini, mimi mwenye saini?
Kwamba mlango ufungwe kwangu, kwao uachwe wazi?
Ndivyo nitakavyo, Shebwana, nikisema kweli.
Na huyo wa redioni, naye ndivyo atakavyo.

Basi tazama, nimeipindua.
Kibandiko kimefutika, zimebaki herufi tatu: *nya*.
Huenda ni Kenya. Huenda ni neno lao jingine.
Lakini pitisha kidole hapa, pembeni mwa mfuko.
Mshono umerudi nyuma mara tatu.
Nilikuwa nikimwambia, mfuko ni amana,
rudi nyuma mara tatu ndipo ukate uzi.
Sina ushahidi. Mafundi wengi hurudi mara tatu.

Na humu ndani, ngoja, kuna kitu kimenasa...
senti yao moja, ya shaba, ina mzee mwenye ndevu.
Amekwenda kwa meli, amerudi kwa meli, kapita bandarini
wala hakulipiwa ushuru.

Namtia kwenye kopo la vifungo.
Mia na hamsini, Shebwana.
Na kwa Thuweba usiseme kwamba nimeusifu mshono.